Mtungi Wenye Shingo Nyeupe

Mama alipomlaza Chiriku juu ya kitanda cha kupimia, mtoto hakulia, na hapo ndipo mama alipoanza kuogopa kweli. Chiriku wa miaka miwili na nusu, aliyepachikwa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki, alilala kimya akitazama dari. Mbavu zilikuwa zinaingia na kutoka kama mfuko wa nailoni unaopulizwa. Kila alipovuta pumzi, kichwa nacho kiliitikia.

Daktari alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, macho mekundu, kalamu mbili mfukoni na zote mbili haziandiki mpaka zitikiswe. Alimbana mtoto kidole kwa kifaa kidogo chenye taa nyekundu, akasoma namba, akaguna.

"Ana siku ngapi hivi?"

"Leo ya tatu, dada."

"Daktari."

"Samahani. Leo ya tatu, daktari."

"Siku tatu mlikuwa mnasubiri nini?"

"Tulikuwa tunampa dawa ya kikohozi. Homa ilikuwa inashuka, inapanda, inashuka..."

"Dawa ya kikohozi." Daktari aliandika bila kuinua uso. "Hii ni nimonia kali, mama. Analazwa sasa hivi, anaanza sindano, na anawekewa oksijeni."

Mama aliyasikia yote, lakini lililomwingia lilikuwa neno moja la mwisho. Mtaani kwao neno hilo lilikuwa na sauti yake. Ukiambiwa fulani amelazwa, unauliza wodi ya ngapi ili ukamwone. Ukiambiwa fulani amewekewa oksijeni, huulizi wodi. Unashusha sauti, unauliza kama ndugu zake wa mbali wameshaambiwa.

"Sindano sawa," akasema. "Hiyo nyingine iacheni kwanza."

"Kwanza nini?"

"Kwanza tuone sindano zitafanyaje."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, umesoma mpaka wapi?"

"La saba."

"Basi mimi nimeendelea kidogo baada ya la saba. Tukubaliane nani anaamua hapa."

Mlango ulikuwa wazi, na nje kulikuwa na foleni. Mtu mmoja akacheka. Mama akamwinua mwanawe, akaanza kumfunga nguo ambazo hata hazikuwa zimefunguka.

* * *

Wodi ya watoto ilikuwa na vitanda kumi na mtungi mmoja. Mtungi ulisimama karibu na dirisha, pembeni ya kitanda cha kwanza, umefungwa mnyororo kwenye kitoroli chenye magurudumu yanayolia. Ulikuwa mrefu kumpita mama, mweusi mwili mzima, mweupe shingoni.

Kitanda cha pili alikaa mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye mtoto aliyevunjika mguu. Alikuwa ameshaishi pale wiki mbili na alijua kila kitu, mpaka saa ambayo maji ya choo cha nje hukatika.

"Karibu, shoga. Weka mzigo wako huku, huko kuna mende." Halafu akamtazama Chiriku, na ucheshi ukapungua. "Wamekwambia hicho kitanda cha kwanza?"

"Ndiyo."

"Mm."

"Nini?"

"Mimi sisemi. Ila tangu nije wameshapita watatu hapo. Wanakuja wanahema hivyo hivyo kama wa kwako, wanawekewa mipira puani, saa moja, saa mbili, kimya. Mimi nimemwambia sista, wangu ni mguu, hata akikohoa msimsogeze huko."

Alichosema kilikuwa kweli tupu. Watoto watatu walikuwa wamefia kitanda kile. Wote watatu walifika na midomo ya bluu, wameshakaa nyumbani wiki nzima, na gesi iliwakuta wameshaondoka nusu. Lakini hilo hakuna aliyewaeleza kina mama wa wodini. Daktari alilijua, akaona linajieleza lenyewe.

Sista ndiye aliyekuja kumweka mtoto mipira. Alikuwa mtu mzima, miguu imemvimba, amekanyaga viatu kisiginoni. Mama akamshika mkono.

"Sista, tafadhali."

"Unaogopa nini, mwanangu?"

"Naogopa hiyo gesi."

"Hii ni hewa tu. Mwenzio kachoka kuivuta, tunamsaidia. Kanawe mikono kwanza, uje umshike kichwa."

Kwa lile neno mwanangu, mama akalegea. Alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akaja kumshika kichwa. Sista akapaka mafuta kidogo chini ya pua ili ngozi isichubuke, akaingiza vimipira viwili, akavibandika shavuni kwa plasta. Maji kwenye kichupa cha mtungi yakaanza kutoa mapovu.

Haikupita nusu saa, kichwa cha Chiriku kikaacha kuitikia. Macho yakageuka, yakamtafuta mama yake.

"Maji," akasema.

Lilikuwa neno la kwanza tangu jana. Mama alitaka kufurahi, lakini aliogopa kufurahi mapema. Akampa kijiko kimoja cha maji, halafu kingine.

* * *

Baba yake Chiriku alifika saa nne na nusu, moja kwa moja kutoka karakana. Alikuwa fundi wa vyuma. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma, yeye ndiye aliyekata na kuchomelea. Ovaroli lake lilikuwa limelowa grisi mpaka magotini, na mikono yake haikuwa na rangi inayojulikana. Mlinzi wa getini alikuwa amemchelewesha robo saa akimuuliza kama amekuja kutengeneza jenereta.

"Baba Chiriku, ameomba maji," mkewe akamwambia.

Fundi alikuwa anautazama mtungi. Aliuzunguka, akainama, akasoma namba zilizogongwa kwenye chuma, akatazama geji. Kisha akaitazama ile shingo nyeupe kwa karibu. Rangi ilikuwa imepakwa kwa brashi ya mkono, imechuruzika sehemu mbili, na chini yake weusi ulionekana.

"Huu mtungi ni wa kwetu," akasema.

"Wa kwenu vipi?"

"Wa karakana. Si huu wenyewe, lakini ni hii hii. Wamepaka shingo tu. Mama Chiriku, hii ndiyo ninayokatia vyuma!"

Daktari alikuwa kitanda cha nne. Fundi akamfuata.

"Samahani, dada..."

Hiyo ilikuwa mara ya saba siku ile kuitwa dada. Daktari alikuwa kazini tangu jana asubuhi, na wawili kati ya wale watatu wa kitanda cha kwanza walikuwa wamefia mikononi mwake. Akageuka.

"Mimi ni daktari."

"Samahani, daktari. Ule mtungi umetoka wapi?"

"Stoo."

"Nauliza kiwandani. Maana mimi kazi yangu ndiyo hiyo. Ile ni oksijeni ya kukatia vyuma."

"Oksijeni ni oksijeni, baba."

"Kwa hiyo ni ile ile?"

"Ni ile ile. Una swali lingine? Nina watoto wengi."

Fundi akageukia wodi nzima, kama mtu anayetafuta mashahidi. "Mmesikia? Amesema mwenyewe. Kitu ninachokatia geti wanamwekea mtoto kifuani! Na mafuta wamempaka puani, nayaona yanang'aa. Daktari, unajua mafuta na oksijeni vikikutana kinatokea nini? Sisi kazini ukigusa ule mtungi na mkono wenye grisi unafukuzwa siku hiyo hiyo. Mwenzetu mmoja uso wote ni kovu!"

"Wewe ni fundi au profesa?"

"Mimi ni baba yake."

"Basi kama unajua kuliko sisi, chukua." Daktari akavua koti lake jeupe, akamnyooshea. "Vaa. Anza na kitanda cha tano, ana kuhara."

Wodi ikacheka. Hata yule mtoto wa mguu alicheka bila kujua anacheka nini. Fundi akatazama koti, akatazama mikono yake, akaificha nyuma.

"Niitie daktari mwenyewe," akasema. "Mkubwa."

"Ndiye mimi."

Maneno machache tu yangetosha pale. Kwamba gesi ile bila moto haikati kitu. Kwamba inayomwingia mtoto ni kidogo, ni hewa ile ile tunayovuta sote, imekusanywa tu. Daktari aliyajua yote hayo tangu sekondari. Lakini alikuwa ameitwa dada mara saba, na fundi alikuwa amechekwa mbele ya mke wake.

"Mama Chiriku, mtoe."

"Baba Chiriku, amepata nafuu, amekunywa vijiko viwili..."

"Nimesema mtoe. Mimi siwezi kugusa, mikono yangu ina mafuta. Toa wewe."

Mama alimtazama mumewe. Katika miaka yote ya ndoa yao, kwenye mambo ya vyuma na moto hakuwahi kumwona akikosea. Akamtazama mama wa kitanda cha pili, naye akaitikia kwa kichwa taratibu, kana kwamba anasema bora hivyo. Mama akabandua plasta ya shavu la kushoto, akabandua ya kulia, akavuta. Chiriku akakunja uso. Mikono ya mama ilikuwa bado inanukia sabuni.

Sista aliyekuwa mlangoni akasema, "Jamani, jamani," lakini daktari alikuwa ameshaleta karatasi.

"Hapa baba anaandika kwamba amekataa oksijeni kwa hiari yake. Sindano tutaendelea nazo. Saini."

Fundi akasaini, alama ya kidole cheusi ikabaki pembeni ya jina. Kisha akasema geti la watu linasubiri, atarudi mchana. Mkewe alimsindikiza kwa macho. Nyuma yake magurudumu yalianza kulia. Sista alikuwa anausukuma mtungi kwenda kitanda cha tisa, ambako palikuwa pameletwa kichanga cha miezi miwili.

* * *

Kufika saa saba kichwa cha Chiriku kilikuwa kinaitikia tena. Pua zilitanuka. Kucha zake zilikuwa na rangi ya wino. Sindano ya pili ilipoingia hakushtuka.

"Chiriku. Chiriku wa mama. Unataka maji?"

Hakutaka.

Mama akasimama, akatazama kitanda cha tisa. Kile kichanga, ambacho kilipoingia kilikuwa kimelegea kama kitambaa, sasa kilikuwa kinanyonya. Mipira puani, mapovu kichupani, na kinanyonya kwa nguvu mpaka mama yake anakunja uso. Naye mama yake alikuwa msichana tu, hata miaka ishirini hakufika.

Mama Chiriku hakuamua kwenda. Alijikuta ameshafika pale, mkono wake uko juu ya kitoroli.

Msichana akafunika uso wa mwanawe kwa kiganja. "Dada," akasema. "Dada, usinifanyie hivyo."

Mama akaondoa mkono. Akamkimbilia sista.

"Nirudishieni! Nirudishieni ile hewa!"

"Mwanangu, mtungi ni mmoja."

"Nitasaini popote. Nitamwambia baba yake mimi mwenyewe."

"Si habari ya kusaini. Nikimtoa yule, yule anakufa. Ngoja."

Sista akamwita daktari. Mama alijiandaa kutukanwa, na kwa kweli alitaka atukanwe. Lakini daktari alibana kidole cha mtoto, akaona namba, na uso wake ukawa wa mtoto wa shule aliyeshikwa. Hakutaja karatasi. Alitoka mbio, na kina mama wakamsikia kwenye korido akifoka kwenye simu. "Si kesho! Nimesema si kesho! Wodi ya wazazi mna miwili, nipeni mmoja, nitausukuma mwenyewe!"

* * *

Karakana, fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya bamba la chuma. Alifungua mtungi, akashika tochi ya kukatia, akanyoosha mkono kuchukua kiberiti. Mkono ukasimama njiani. Oksijeni ilikuwa inatoka, inazomea kwenye ncha ya tochi, na hakuna kilichokuwa kinawaka. Chuma kiko pale pale, baridi.

Akavua glovu moja, akaweka kiganja mbele ya tochi. Hewa. Akaisogeza karibu na uso. Hewa baridi, haina harufu. Akavuta pumzi.

"Wewe!" Bosi wake alisimama na kipande cha nondo mkononi. "Unanusa nini hapo, umekuwa mvuta gundi?"

"Bosi, hii ikimwingia mtu puani, inaunguza?"

"Bila moto itaunguza vipi? Si unapasha chuma kwanza mpaka kiwe chekundu, ndiyo unaifungua? Miaka kumi na moja, leo ndiyo unaniuliza?"

"Na ile habari ya mafuta?"

"Ile ni presha ya mtungi mzima inapiga kwenye grisi. Mtu puani anapewa kidogo, kama anayepuliziwa uji wa moto." Bosi akacheka. "Ulidhani hospitali wanawekewa hewa gani, ya mbinguni? Ndiyo hii hii, ila ya kwao inapimwa zaidi. Mama yangu aliishi nayo miezi miwili. Kwani vipi?"

Fundi aliangusha tochi bila kufunga mtungi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatoka mbio na glovu moja mkononi.

* * *

Mtungi wa pili uliingia wodini saa tisa kasoro, daktari anausukuma, sista anauvuta. Wakati huo huo mwanamke mgeni alikuwa ndiyo kwanza anaonyeshwa kitanda cha tatu, mtoto mgongoni, kifua cha mtoto kinalia kama filimbi. Yeye hakujua chochote cha asubuhi. Aliona tu mtoto wa kitanda cha kwanza akiwekewa mipira puani. Aliona mapovu. Baada ya dakika ishirini aliona daktari anabonyeza kifua kidogo kwa kiganja kimoja, anahesabu kwa sauti, anabonyeza, anahesabu. Kisha pazia likavutwa.

Nyuma ya pazia daktari alibonyeza mpaka sista alipomshika bega.

"Basi, mwanangu," sista akamwambia. Na mara hii alikuwa anamwambia daktari.

Fundi alifika mlangoni anatweta. Mlinzi alikuwa amemchelewesha tena.

"Wamemrudishia?"

"Wamemrudishia," akasema mkewe.

"Enhe?"

Mkewe akafungua pazia kidogo, akamwonyesha, akalifunga.

Fundi akakaa sakafuni, mgongo ukutani. Daktari alitoka akasimama mbele yake, hajui aweke wapi mikono.

"Ungeniambia tu kwamba ni hewa," fundi akasema.

"Wewe ndiye fundi," daktari akasema polepole. "Nilidhani unajua."



Kitanda cha pili, mama wa mtoto wa mguu aliinamia kitanda cha tatu, akanong'ona, lakini mnong'ono wake ulikuwa wa mtu mnene. "Huyo wa nne. Mimi sisemi. Ila wamemweka tu, akaondoka."

Mwanamke mgeni akamkumbatia mwanawe. Sista aliposogea na kifaa cha kubana kidole, akageuza mgongo. "Mimi wangu mchomeni sindano tu. Mipira sitaki."

Mama Chiriku alisikia. Akatoka nyuma ya pazia, akaenda kusimama mbele ya kitanda cha tatu.

"Usikatae," akasema.

"Pole, dada yangu. Lakini nimeona kwa macho yangu."

"Hukuona asubuhi. Asubuhi alikuwa nayo, akapata pumzi, akaomba maji. Nikamtoa mimi. Kwa mikono hii. Masaa manne mazima alikuwa hana. Si gesi iliyomuua."

Mwanamke alimtazama machoni, kisha akamtazama daktari aliyesimama kule, kisha akarudi kwake.

"Wamekutuma?"

Mama akatazama wodi nzima. Mama wa kitanda cha pili akainamisha macho, akaanza kunyoosha shuka la mwanawe. Kitanda cha tisa, yule msichana alimnyanyua mtoto wake na mipira yake puani, akamwinua juu ili aonekane. Mwanamke mgeni aliona, akasita, lakini mikono yake bado ilikuwa imemkumbatia mwanawe.

"Mama Chiriku," fundi akaita kutoka ukutani, sauti imekwisha. "Njoo twende. Wanataka tumchukue mtoto."

Mama hakwenda. Alivuta kiti, akakaa mbele ya yule mwanamke, magoti yakagusana.

"Chiriku hana haraka tena," akasema. "Huyu ndiye mwenye haraka. Dada, nisikilize."